Enzo Ferrari: Aliyauza ya jana kwa bei chee, leo yanagombewa kwa mabilioni

NOVEMBA 1914, gazeti la michezo la Italia, La Gazzetta dello Sport, lilichapa ripoti fupi ya mechi ambayo Inter iliifumua Modena mabao 7-1. Aliyeiandika alikuwa dogo wa miaka 16 tu, mzaliwa wa huko huko Modena. Jina lake Enzo Ferrari.

Kijana huyo alikuwa na ndoto tatu: kuimba opera, kuandika habari za michezo na kuendesha magari ya mbio. Mbili zilikufa njiani. Ya tatu ndiyo iliyozaa magari ambayo leo hii moja tu likipigwa mnada, bei yake inalingana na ada ya usajili wa straika wa maana Ulaya.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwa na habari na magari ya zamani. Kwake gari la maana lilikuwa lile la mbio za wiki ijayo.

Ferrari alizaliwa Februari 1898. Baba yake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka 1916 baba alifariki dunia, na mwaka huo huo kaka yake naye akafariki. Enzo akapelekwa jeshini, kikosi cha mizinga ya milimani, kazi yake kuwapiga nyumbu kwato za chuma. Akaugua vibaya hadi akarudishwa nyumbani.

Vita ilipoisha alikwenda Turin kuomba kazi Fiat. Akapigwa chini. Inaelezwa alikaa kwenye benchi la bustani moja ya mji huo na kulia peke yake, baridi ikimchoma. Hakusahau siku ile.

Alianza kushindana mwaka 1919, mwaka uliofuata akatua Alfa Romeo. Kama dereva alikuwa mzuri, lakini hakuwa wa kutisha. Kipaji chake kilikuwa nje ya usukani: kuchagua watu, kuwachonganisha wakimbizane na kutafuta fedha. Kwa lugha ya soka, alikuwa mchezaji wa kawaida aliyegeuka kocha mkubwa. Mwaka 1929 akaanzisha timu yake, Scuderia Ferrari, ikikimbiza magari ya Alfa Romeo. Nembo ya farasi mweusi ilitokana na ile ya Francesco Baracca, rubani shujaa wa vita aliyekufa 1918.

Aliachana na Alfa Romeo mwaka 1939. Gari la kwanza lenye jina lake, 125 S, lilitoka Maranello mwaka 1947. Mechi ya kwanza kule Piacenza liliharibika likaishia njiani. Wiki mbili baadaye likashinda Rome. Mwaka 1949 Ferrari ikabeba Le Mans, na 1951 pale Silverstone, Muajentina Froilán González akaipiga Alfa Romeo kwenye Formula One. Mwanafunzi kamtandika mwalimu.

Ila mbio zinakula fedha. Mzee Ferrari aliuza magari ya barabarani kwa matajiri ili apate hela ya mbio, si kinyume chake. Na gari la mbio likishamaliza msimu lilikuwa mzigo. Mengine yaliuzwa chap chap, mengine yakafumuliwa vipuri vyake vikatumika kwenye gari jipya. Hakukuwa na wazo la kuyatunza kama kombe kabatini.

Hapo ndipo inapoingia 250 GTO. Ilizinduliwa mwanzoni mwa 1962, miezi michache baada ya mafundi wake wakubwa kuondoka kwa pamoja kufuatia ugomvi ofisini. Kazi akakabidhiwa Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26. Yalitengenezwa magari 36 tu. Marekani liliuzwa kwa takriban dola 18,000, na hukuuziwa kwa sababu tu una pesa. Mnunuzi alipaswa kukubaliwa kwanza.

Miaka michache baadaye lilikuwa limeshapitwa, na bei ikaporomoka. Moja lilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari huko Texas, na mwaka 1972 likauzwa kwa dola 6,500. Mwaka 2018 ndugu yake mmoja akapigwa mnada California kwa dola milioni 48.4, zaidi ya Sh100 bilioni. Mchezaji akifika miaka 35 anaondoka bure. Gari hili lilipofika 50 ndiyo kwanza bei ilikuwa inapaa.

Mzee hakuyaona hayo. Aliyoyaona ni mengine. Mwaka 1956 mwanaye Dino alifariki kwa ugonjwa wa misuli akiwa na miaka 24, na kwa miaka mingi baba huyo alikuwa akianzia siku yake makaburini. Mwaka 1957 gari lake lilipasuka tairi kwenye Mille Miglia, likaua dereva, msaidizi wake na watazamaji tisa, watano wakiwa watoto. Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaja kuachiwa 1961. Magari yanayong'arishwa leo kwenye maonyesho ya matajiri yametoka katika zama hizo za damu.

Mwaka 1969 Fiat, kampuni iliyomkataa, ilinunua nusu ya kiwanda chake. Safari hii wao ndio waliomfuata.

Swali linalosumbua wakusanyaji sasa ni kama bei hizi zitadumu. Ilishatokea: Ferrari alipofariki, bei za magari yake zilipaa kama kishada, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaanguka, na walionunua kwa mkopo wakalia. Vizazi navyo vinabadilika. Waliokuwa vijana wakati GTO inashinda sasa ni vikongwe. Wanaoshika fedha leo walikua na mabango ya F40 ukutani na michezo ya kompyuta, hivyo wanatafuta magari ya miaka ya 1980 hadi 2000. Mengi ya kabla ya vita yanakosa wanunuzi wa kuyagombea kama zamani. Na magari ya umeme yakizidi kujaa barabarani, mafundi wanaojua kabureta watazidi kuwa adimu.

Yale machache yenye historia ya ushindi huenda yakabaki juu, kama jezi ya fainali. Ya kawaida yatategemea kama bado kuna anayeyakumbuka.

F40, iliyotoka 1987, ndiyo ya mwisho kuzinduliwa Mzee akiwa hai. Alifariki Agosti 14, 1988 akiwa na miaka 90, na dunia ikatangaziwa akiwa ameshazikwa. Msimu ule McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16. Iliyobaki ilikuwa Monza, nyumbani Italia, wiki nne baada ya msiba: Gerhard Berger wa kwanza, Michele Alboreto wa pili, wote Ferrari.