Traugott Bachmann

Traugott Bachmann (1865 – 1948) alikuwa mmisionari Mjerumani wa Kanisa la Moravian. Alifanya kazi kusini magharibi mwa Tanzania ya leo kuanzia mwaka 1892 hadi 1916. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa kituo cha misheni cha Mbozi, ambacho leo kiko katika Mkoa wa Songwe, na kama mtafsiri wa Agano Jipya kwa lugha ya Kinyiha. Anajulikana pia kwa jinsi alivyobadili msimamo wake kuhusu mila za wenyeji baada ya kuishi nao kwa miaka mingi.

Kufika Afrika

Wamoravian wa kwanza kutoka Herrnhut, Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891, eneo hilo likiwa sehemu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Bachmann aliwafuata mwaka uliofuata. Alikaa kwanza kati ya Wanyakyusa na kujifunza lugha yao. Katika miaka hiyo alikuwa mkali, akiona mila nyingi za wenyeji kuwa kinyume cha Ukristo.

Kazi Mbozi

Mwaka 1899 Bachmann alihamia Unyiha kuanzisha kituo cha Mbozi. Wanyiha walikuwa wametoka katika kipindi kigumu. Katika karne ya 19 nchi yao ilivamiwa mara kwa mara, wakiwemo Wasangu upande wa mashariki na Wabemba kutoka Zambia ya leo. Watu waliishi ndani ya maboma ya miti kwa kuogopa kutekwa. Wanawake na watoto ndio waliokuwa hatarini zaidi, na wengine waliuzwa utumwani zaidi ya mara moja. Baadhi ya waliopoteza ndugu zao kwa njia hiyo walipata makazi katika vituo vya Wamoravian.

Upande wa magharibi, kuelekea Tunduma, Wanyiha wanapakana na Wanamwanga, ambao walikuwa wamegawanywa na mpaka wa Wajerumani na Waingereza. Ng'ambo ya mpaka huo Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa na kituo chao huko Mwenzo.

Lugha ya Kinyiha

Kinyiha hakikuwa na maandishi. Bachmann alijifunza lugha hiyo kwa wenyeji, akaanza kuiandika na kutafsiri sehemu za Biblia. Agano Jipya lote la Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Kazi hiyo isingewezekana bila Wanyiha waliomfundisha maneno na maana zake.

Suala la mitara

Jinsi alivyozidi kuielewa lugha ndivyo alivyozidi kuelewa maisha ya watu, na msimamo wake ukabadilika. Suala kubwa lilikuwa mitara. Misheni nyingi zilimtaka mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja kabla ya kubatizwa. Hasara ya sharti hilo iliwaangukia wanawake walioachwa na watoto wao. Mwanamke asiye na mume wala ndugu alikosa shamba na mtetezi, na katika nchi iliyotoka katika biashara ya watumwa hali hiyo ilikuwa ya hatari.

Bachmann alifikia uamuzi kwamba mume mwenye wake wengi anaweza kubatizwa bila kuwafukuza wake zake. Pia aliona kwamba Wakristo wa Kinyiha wenyewe wanapaswa kushirikishwa katika kuamua mila zipi zinafaa kuendelea, na hakutaka wageuzwe kuwa Wazungu. Si wamisionari wenzake wote waliokubaliana naye.

Vita na kuondoka

Mwezi Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wamisionari Wajerumani waliondolewa vituoni, na Bachmann hakurudi tena Mbozi. Waumini waliachwa bila wachungaji wao wa Kizungu, na ibada ziliendelea mikononi mwa wenyeji. Baadaye Waskoti wa Livingstonia walisaidia kuvisimamia vituo hivyo hadi Wamoravian waliporejea katika miaka ya 1920.

Maandishi na urithi

Mwaka 1917 kilichapishwa kitabu chake kwa Kijerumani kuhusu maisha ya mwinjilisti Mwafrika Ambilishiye. Kumbukumbu za maisha yake mwenyewe zilitolewa baada ya kifo chake. Ndani yake anakiri makosa yake ya miaka ya mwanzo, na kwa sababu hiyo wanahistoria wa misheni wanakithamini kitabu hicho.

Kanisa la Moravian lingali na waumini wengi katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya. Mbozi Misheni ipo hadi leo, na hospitali yake inahudumia wakazi wa vijiji vya jirani.