Shaaban Robert: Mgane na Malezi ya Wanawe

Jina la Shaaban Robert hutajwa aghalabu kuhusiana na ushairi na riwaya kama Kusadikika. Ni nadra mwandishi huyu mtajika kutazamwa kama baba, ilhali baadhi ya tungo zake zinazosomwa sana zilitokana na jukumu hilo.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya kusoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi iliyompeleka katika miji ya pwani kama vile Pangani na Bagamoyo. Alimwoa Amina, na wakajaaliwa watoto. Kifo cha Amina kilimfanya kuwa mgane. Alimwomboleza kwa shairi lenye jina la marehemu, lakini maombolezo hayakumwondolea mzigo uliobaki: binti na mwana wa kiume, wote wangali wadogo, wakimtegemea mzazi mmoja.

Ndipo alipomtungia binti Utenzi wa Hati na mvulana Utenzi wa Adili. Hati inafuata nyayo za Mwana Kupona, aliyemwusia bintiye mwaka 1858. Tofauti kubwa ni kwamba huyu anayenena ni baba. Mambo ya unyumba, usafi na mume, ambayo kwa desturi binti angeyasikia kwa mamake, yanatoka kinywani mwa mwanamume. Kufiwa kulimlazimu Shaaban kuwa baba na mama kwa pamoja.

Hata hivyo, wosia wenyewe haukuwa sawa kwa wote wawili. Binti anaelekezwa mno kwenye nyumba na utiifu kwa mume. Mvulana anafunzwa mwenendo wake mbele ya Mungu, wazazi, utawala na jamii. Baba aliyekubali kufanya kazi ya mama hakuwa tayari kubadili matarajio ya jamii kwa binti yake.

Baadaye Shaaban alioa tena, na nyumba yake ikawa tena na wazazi wawili. Tenzi hizo hazikusahaulika. Alizijumuisha katika tawasifu yake, kana kwamba malezi ya wanawe yalikuwa sehemu ya maisha yake isiyotengeka. Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika. Wosia alioukusudia kwa watoto wawili waliofiwa na mama umekuwa somo la vizazi vya wanafunzi, ambao wana wajibu wa kuuenzi na kuuhakiki pia.