Ibn Sina: Bingwa wa vipimo aliyeponzwa na kipimo cha dawa

MGANGA hajigangi, husema Waswahili. Ni wachache ambao maisha yao yaliithibitisha methali hiyo kwa uchungu kama Ibn Sina, tabibu aliyeandika kanuni za kupima nguvu za dawa, kisha akawa mgonjwa ambaye dawa zake zilichanganywa na mikono ya watu wengine.

Abu Ali al-Husayn ibn Abdullah ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna, alizaliwa mwaka wa 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara ulioko sasa nchini Uzbekistan. Kufikia umri wa miaka 10 alikuwa ameihifadhi Kurani. Alipofikisha miaka 16 hivi, tayari alikuwa akiwahudumia wagonjwa, na matabibu waliomzidi umri walikuja kujifunza kwake.

Nyota yake iliendelea kung'aa pale Nuh ibn Mansur, mtawala wa Bukhara, alipougua maradhi yaliyowatatiza matabibu wa kasri. Kijana huyo aliitwa kusaidiana nao. Alichoomba baadaye ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mtawala, na humo alisoma vitabu ambavyo wengi hawakuwahi hata kuvisikia majina.

Baada ya kifo cha babake, Ibn Sina alihama mji hadi mji akitafuta wafadhili. Huko Jurjan alikutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyeandamana naye maisha yake yote na kuyaandika. Ni huko pia alikoanza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kikubwa cha utibabu chenye juzuu 5, ambacho alikikamilisha mjini Hamadan, katika Iran ya leo.

Juzuu ya pili inaeleza dawa zaidi ya 700 za kitu kimoja kimoja, nayo ya tano inashughulikia dawa za mchanganyiko, zikiwemo zile ambazo watu wa Pwani wangeziita maajuni. Ibn Sina alishikilia kwamba kama kila ugonjwa ungekuwa na dawa moja inayoutosha, tabibu hangekuwa na sababu ya kuchanganya. Mchanganyiko, kwa maoni yake, una kazi za viungo vyake na pia kazi yake wenyewe.

Aidha, alitofautisha chakula, dawa na sumu. Chakula hubadilishwa na mwili, dawa huubadilisha mwili, nayo sumu huushinda. Katikati aliweka vyakula vyenye tabia ya dawa, kwa kuwa alijua kwamba mstari baina ya jiko na sanduku la tabibu si mnene.

Kuhusu majaribio, aliagiza kwamba dawa iwe safi, isiyobadilishwa na joto au baridi ya nje. Ijaribiwe kwa mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja, si maradhi yaliyosongamana. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, muda inaochukua kufanya kazi uchunguzwe, na matokeo yajirudie. Zaidi ya yote, ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwani yanayompata farasi au simba huenda yasimpate mtu.

Nadharia yake ya joto, baridi, ukavu na unyevu wa mwili imekwisha kuachwa na sayansi. Hata hivyo, maswali hayo ya kipimo, muda na usafi wa dawa yangali yanaulizwa katika maabara.

Mjini Hamadan alimtibu mtawala Shams al-Dawla msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Mtawala huyo alipofariki, Ibn Sina alifungwa kwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan. Hatimaye alitorokea Isfahan akiwa amevalia kama Sufi, akapokewa na mtawala Ala al-Dawla.

Ajabu ni kwamba ugonjwa uliompa uwaziri ndio uliomwangusha. Msokoto wa tumbo ulimshika wakati wa vita, naye kwa kuhofia kuachwa nyuma na jeshi, alijitibu mara 8 kwa siku moja kwa dawa ya kumiminwa kupitia njia ya haja kubwa. Utumbo ukapata vidonda, na mitukutiko kama ya kifafa ikafuata.

Kwa mujibu wa al-Juzjani, Ibn Sina aliagiza daniki 2 za mbegu za selari zitiwe katika dawa hiyo. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5. Kwa kuwa dirhamu moja ni daniki 6, kipimo hicho kilizidi mara 15, na vidonda vikazidi. Al-Juzjani hakuwapo, wala hakujua kama lilikuwa kosa au kusudi.

Isitoshe, alikuwa akinywa maajuni ya Mithridates kwa ajili ya mitukutiko. Watumishi waliokuwa wamemwibia mali nyingi na kuogopa kuadhibiwa walitia humo afyuni tele. Afyuni hupunguza mwendo wa matumbo na kudhoofisha pumzi, na maajuni hiyo kwa kawaida tayari ilikuwa na afyuni ndani yake.

Hakufa papo hapo. Alijikongoja hadi akaweza kutembea, lakini hakujichunga, na ugonjwa ukamrudia mara kwa mara. Safarini kuelekea Hamadan alitambua kwamba mwili umekwisha nguvu, akaacha kujitibu. Alifariki mwaka wa 1037, akazikwa mjini humo.

Al-Qanun ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na ilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17.

Leo inajulikana kwamba rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini kuvunja upesi tembe za kupanga uzazi. Maziwa huzuia sehemu ya tetrasaiklini kuingia mwilini, na sukumawiki nyingi za ghafla hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayemtajia mfamasia kila anachomeza, miti-shamba ikiwemo, anampa nafasi ambayo al-Juzjani hakuipata kando ya kitanda cha mwalimu wake.