Dartnell wa Maktau na Askari Wasio na Majina

Mwanafunzi wa Kianda anayesoma habari za Vita Vikuu vya Kwanza hukutana na von Lettow-Vorbeck na Smuts. Wilbur Dartnell hakutani naye, ingawa kaburi lake limo nchini mwetu, mjini Voi. Ningependa walimu wamfundishe, mradi wasiikariri tu hati ya kijeshi iliyompa sifa.

Dartnell alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1885. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, kisha mapema mwaka 1915 akapewa cheo cha luteni katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Kikosi hicho kilikuwa cha aina yake. Hata mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee aliyepita miaka 60, alikuwamo. Kiliwasili Mombasa Mei 1915. Wakati huo Wajerumani, waliokwisha kuiteka Taveta, walikuwa wakiishambulia Reli ya Uganda, reli hiyohiyo ambayo ikishatoka Nairobi huikata Kibera yetu.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Dartnell alijeruhiwa mguu. Wenzake walipokuwa wakimbeba, adui alikuwa amebakisha hatua chache tu, na majeruhi mahututi hawakuweza kuondolewa. Dartnell alishikilia aachwe nao, akitumaini kwamba kuwapo kwake kungewaokoa. Aliuawa, naye ana miaka 30. Desemba mwaka huo alitunukiwa Msalaba wa Victoria.

Ushujaa huo siupunguzi hata chembe. Linalonitatiza, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, ni sababu inayotolewa na hati: eti alijua kwamba askari weusi wa adui huua majeruhi. Ushahidi hautolewi. Tena lizingatieni hilo neno weusi. Lingeondolewa, lawama ingelielekea jeshi zima pamoja na maofisa wake Wajerumani. Likibaki, lawama inaiangukia ngozi. Na Mwingereza naye alikuwa na askari weusi wake, King's African Rifles, ambao watu wetu waliwaita Keya.

Hapa Kibera jambo hili lina uzito wa pekee. Mtaa huu ulianzishwa na Wanubi, askari wa Keya waliopewa msitu huu wakae. Hata jina lake limetoka katika neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baadhi ya wazee wao walitoka katika majeshi ya Misri yaliyokuwa Sudan, wakaingizwa Uganda na Lugard mwaka 1891. Miaka miwili kabla yake, Wissmann alikuwa ameajiri Wasudani kutoka jeshi hilohilo la Misri, akaanzisha nao jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Basi huenda waliolengana bunduki nyikani Taita walikuwa wajukuu wa kambi moja.

Jina la Dartnell limechongwa Voi. Sanamu ya askari na wapagazi iliyopo katikati ya Nairobi haina jina la mtu yeyote kati yao.