Abu Zayd Al-Balkhi: Mwanachuoni Aliyefundisha Kuwa Nafsi Nayo Huugua

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad. Miongoni mwa masuali yanayotufikia mara kwa mara ni haya: je, inafaa kwa Muislamu kumpeleka mgonjwa wa akili hospitali, au kukaa na mshauri na kumweleza yaliyomo moyoni? Wapo wanaoona kwamba mwenye huzuni isiyokwisha amepungukiwa na imani tu, na wapo wanaoona kila kitu ni jini. Badala ya kujibu kwa mistari miwili, tumeona bora tusimulie maisha ya mtu aliyelifikiria jambo hili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Jina lake ni Ahmad bin Sahl, maarufu kwa kun-ya ya Abu Zayd Al-Balkhi. Alizaliwa karibu na mwaka 235 Hijria (850 Miladia) katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo ndani ya Afghanistan. Baba yake alitoka Sijistan, na kazi yake ilikuwa kusomesha watoto. Abu Zayd mwenyewe alianza kwa kazi hiyo hiyo kabla elimu haijampandisha daraja. Hakuzaliwa katika nyumba ya utajiri wala ya utawala.

Alipokuwa kijana alifunga safari ya kwenda Iraq kutafuta elimu, akenda kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji. Alikaa huko miaka minane. Alisoma kwa Al-Kindi, mwanafalsafa mkubwa wa Baghdad, akajifunza tiba, elimu ya nyota na maumbile, na akazama pia katika elimu za dini. Kisha akarudi kwao Balkh, na huko akaandika vitabu vinavyohesabiwa kufikia takriban 60. Wanaosoma jiografia wanamjua kwa ramani zake, kwani wanajiografia kadhaa wa Kiislamu waliokuja baadaye walifuata njia yake. Aliandika pia juu ya mpangilio wa Qur-aan.

Tuseme ukweli: wapo waliomtuhumu katika itikadi yake kwa sababu ya kujishughulisha na falsafa, na wapo waliomtetea na kumsifu kwa uchaji wake. Sisi hatuingii katika hayo. Tunachukua kwake lenye manufaa na lisilopingana na dini yetu.

Ahmad bin Sahl Al-Marwazi alipoitawala Balkh, alitaka kumfanya Abu Zayd kuwa waziri. Alikataa, akaridhika na kazi ya ukatibu, na waziri akawa mtu mwingine. Kwa alichokipata alinunua ardhi kijijini kwao na akaishi kwa utulivu. Mwanajiografia Al-Muqaddasi anasimulia kisa kingine. Mtawala wa Khurasan alimwita aende Bukhara kumsaidia kwa rai zake. Abu Zayd alisafiri mpaka ukingoni mwa mto Jayhun, akauona upana wake na mawimbi yake, akasita. Akamwandikia mtawala kwamba ikiwa ameitwa kwa sababu ya rai yake nzuri, basi rai hiyo hiyo inamwambia asivuke. Mtawala alifurahishwa na jibu hilo, akamruhusu arudi kwao. Sisi watu wa visiwani, tunaovuka mkondo baina ya Unguja na Pemba msimu wa kusi, hatuwezi kumcheka.

Katika vitabu vyake vyote, kinachotuhusu leo ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu mwili: chakula, vinywaji, usingizi, makaazi, mazoezi. Ya pili inahusu nafsi. Abu Zayd alilalamika kuwa matabibu wengi wa zama zake walishughulika na mwili peke yake, na ilhali mwili na nafsi vimeungana: mwili ukiumwa nafsi hukosa raha, na nafsi ikiumwa mwili hudhoofika. Akasema pia kwamba mtu anaweza kumaliza umri wake bila ya kupata baadhi ya maradhi ya mwili, lakini ni nadra mtu kusalimika na maudhi ya nafsi. Kwa hivyo kwake yeye hili halikuwa jambo la wendawazimu wachache, bali ni la kila mtu.

Aliyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne makubwa: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Kila moja akaliandikia sababu zake na dawa zake.

Katika huzuni alitofautisha aina mbili. Ipo inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali. Hii hutibiwa kwa maneno mazuri, kwa fikra na kwa kuliwazwa. Na ipo isiyojulikana sababu. Mtu anaamka na dhiki kifuani, hali hajafiwa wala hajadhulumiwa. Hii Abu Zayd aliinasibisha na damu na maumbile ya mwili, na akaona itibiwe kwa tiba ya mwili. Madaktari wa leo wanaieleza kwa njia nyengine, lakini funzo limebaki: si kila mwenye huzuni ataondokewa nayo kwa kuambiwa asubiri. Wengine wanahitaji dawa, kama anavyohitaji dawa mgonjwa wa sukari au wa presha.

Katika khofu alifundisha kwamba mengi tunayoyaogopa ni madogo kuliko yanavyoonekana. Akapiga mfano wa bedui aliyeuona ukungu kwa mara ya kwanza akadhani ni ukuta uliomzibia njia, kisha alipoingia ndani yake akakuta ni hewa tu kama anayoivuta siku zote. Dawa yake ni mtu kuizoesha nafsi kidogo kidogo kwa kile inachokiogopa.

Katika wasiwasi alimhimiza mgonjwa asijitenge peke yake, bali akae na watu, kwani upweke huyapa nguvu mawazo mabaya. Wangapi kati yetu wanarudia udhu mpaka jamaa inawapita, nao wanaona haya kusema? Hayo ni maradhi, na yana tiba.

Jambo kubwa zaidi alilolisema, kwa maoni yetu, ni kuhusu msaada wa mtu mwengine. Abu Zayd alieleza kwamba nafsi ina dawa mbili. Ya kwanza ni ya ndani: mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu ili zimsaidie wakati wa shida, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Ya pili ni ya nje: mawaidha na ushauri wa mtu mwengine. Aliyezidiwa na huzuni au khofu fikra yake imeshughulishwa, hawezi kujitibu peke yake, na husikia la mwenzake kuliko la nafsi yake. Huu ndio msingi wa kile tunachokiita leo ushauri nasaha.

Abu Zayd alifariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia). Kitabu chake kilibaki katika nakala za mkono zilizohifadhiwa maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul, na mwaka 1984 kikatolewa nakala huko Frankfurt. Msomi wa elimunafsi kutoka Sudan, Malik Badri, aliitafsiri kwa Kiingereza sehemu ya nafsi, ikachapishwa mwaka 2013. Wala Abu Zayd hakuwa peke yake. Waislamu walijenga hospitali zilizokuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, kama ile ya Sultan Qalawun mjini Cairo iliyojengwa mwaka 683 Hijria (1284).

Ndugu zetu, tuyarejeshe haya majumbani mwetu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alituamrisha kutafuta tiba, na akatujuulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Hakubagua maradhi ya kichwa na ya tumbo. Imepokewa pia kuwa Mama 'Aishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) akiwalisha wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akieleza kwamba huutuliza moyo na kupunguza huzuni. Basi vipi tuseme kuitibu huzuni ni udhaifu wa imani?

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Ruqya ya kisharia ni haki, na isomwe. Lakini kusoma ruqya hakuzuii kwenda kwa daktari, na kumeza dawa hakupingani na tawakkul. Kilichokatazwa ni kwenda kwa mganga anayeomba majini au anayetaka kuku wa rangi fulani. Kumfunga mgonjwa kamba au mnyororo chumba cha uani ni dhulma, hata kama nia ni kuficha aibu. Tunajua familia zinaogopa posa za mabinti na maneno ya mtaa. Lakini Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu kwa ajili ya maradhi haya, na aliyepelekwa mapema ana matumaini makubwa kuliko aliyefichwa miaka. Na anayesema kwamba amechoka na uhai asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Mshauri achaguliwe mwaminifu, anayehifadhi siri na anayeiheshimu dini ya mgonjwa. Na sisi wengine tuwe wasikilizaji kabla ya kuwa wahubiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na awape subira wanaowauguza. Aamiyn.

Wa-Allaahu A'lam.