Joginder Singh, ‘Simba wa Kenya’ aliyebeba Safari na gari kuukuu

Ukishuka basi pale Mikumi mjini, kwenye malori yanayokwenda Zambia, hukosi kuona kijana wa gereji amelala chali chini ya Toyota IST. Anainyanyua. Anaweka spesa kwenye springi, anabadili shokapu, anafunga bamba la chuma chini ya sampu, na mwenye gari akisharidhika anakamata njia ya Kilosa kupitia Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Watu wa Kilosa wanakwenda Ulaya asubuhi na kurudi jioni bila viza.

Gari lililotengenezwa Japani kwa ajili ya kupeleka watoto shule na kurudi na mboga linageuzwa la kupambana na tope la masika. Vijana wale wanadhani wamegundua kitu. Hawajui kwamba kuna fundi mmoja wa hapa hapa Afrika Mashariki aliyefanya kazi ya aina hiyo zaidi ya miaka 60 iliyopita, akawashinda madereva wa viwanda vikubwa vya Ulaya, ile ya ng'ambo.

Anaitwa Joginder Singh. Kwa shabiki wa leo jina hilo halisemi kitu, lakini muulize babu yako. Wazee walimwita Simba wa Kenya. Wana Msimbazi msianze kushangilia, hakuwa wenu. Na Wananchi msinune, hakuwahi kuwafunga.

Alizaliwa Kericho, kwenye mashamba ya chai ya Kenya, Februari 9, 1932. Baba yake, Battan Singh, alikuwa Kalasinga aliyetoka Punjab, na familia ikawa ya gereji. Kwa hiyo Joginder hakuufuata ufundi, aliukuta nyumbani. Kabla hajawa dereva wa kuandikwa magazetini alikuwa makanika wa kushika spana, nguo zimelowa oili na kilemba kichwani.

Miaka ya 50 mwishoni akapata kazi kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Alikuwa wa kwanza kuajiriwa kama fundi wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Huyu kapasua sampu kwenye jiwe, yule kavunja springi kwenye korongo, mwingine kavuka maji na injini ikazima kwa sababu umeme wa plagi umelowa. Ndiyo maisha ya fundi wa doria.

Nasema hivi kwa sababu naamini ubingwa wake ulianzia pale, wala si kwenye mashindano. Dereva wa kawaida anajua gari lake moja linavyoharibika. Fundi wa doria anayaona ya kila mtu, ya kila aina. Ni kama kipa aliyepigiwa penalti na washambuliaji wote wa ligi. Mwisho wa siku anajua nani anapiga wapi.

Sasa twende kwenye mashindano yenyewe. Mwaka 1953, Uingereza ilipokuwa inamtawaza Malkia Elizabeth, wenye magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mbio ndefu za kuzunguka nchi zote tatu. Hazikuwa mbio za uwanjani. Zilikuwa kilomita elfu kadhaa za barabara za watu wote, za vumbi na utelezi, usiku na mchana. Baadaye zikajulikana kama East African Safari, zikawa zinafanyika wakati wa Pasaka, yaani mvua zikiwa zimeshafungua mabomba.

Na hapa ndipo penye utamu. Miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya dukani. Hukuruhusiwa kuja na mnyama uliyemtengeneza mwenyewe. Unakuja na gari ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua, na ujanja wako unaishia kwenye mambo madogo madogo. Volkswagen Kobe ilichukua mwaka 1953, ikarudia 1954. Peugeot 404, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kama teksi, ilikuja kushinda mara nne.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, ana miaka 27. Wakati huo michezo ya magari ilikuwa mambo ya walowezi wenye nafasi. Kalasinga wa gereji alionekana zaidi akiwa chini ya gari la mtu kuliko nyuma ya usukani. Alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na gari lake likawa halikosi.

Halafu ikaja 1965.

Mwaka mmoja nyuma, timu ya kiwanda ya Volvo ilikuja Safari na magari ya aina ya PV544. Usishtuke na jina. Ni gari la familia la Sweden, la milango miwili, mgongo wa duara kama kobe aliyeshiba, injini ya lita 1.8. Hata wakati ule lilikuwa la kizamani, kwani mwaka 1965 wenyewe ndio waliacha kulitengeneza. Safari iliwatesa. Joginder akanunua moja la magari yale, likiwa limeshapigwa na barabara zetu mikononi mwa madereva wa kiwandani.

Msomaji wa mpira elewa hivi: klabu kubwa imeleta straika kutoka ng'ambo, amecheza msimu mmoja, goti limevimba, wanamuuza kwa bei ya hasara kwa timu ya mtaani. Timu ya mtaani inamkanda, inambandika plasta, inamwingiza uwanjani, anachukua kiatu cha dhahabu. Ndicho kilichotokea.

Gari likaingia gereji ya nyumbani. Matayarisho ya Safari siku zile hayakuwa ya kompyuta. Fundi wa Safari alianza chini. Bamba nene la kulinda sampu na tangi la mafuta, springi ngumu zaidi, shokapu za kazi, sehemu za bodi zinazochanika kuongezewa weldingi. Kisha anakuja kwenye maji: distributa inafunikwa isilowe, mdomo wa kuvuta hewa unawekwa mahali ambapo mto haufiki. Taa zinaongezwa mbele kwa ajili ya usiku. Nyuma unafungwa mshikio na mahali pa kukanyaga, ili gari likikwama msaidizi arukie bampa na kuliongezea uzito matairi ya nyuma yaume. Spea mbili, jembe, kamba, basi.

Hakuna hata kimoja hapo ambacho fundi wa Mikumi hawezi kukifanya. Na angalia, hakuna hata kimoja cha kuongeza mbio. Vyote ni vya kulifanya gari lisife.

Kitu kimoja Volvo lile halikuhitaji kuongezewa. Mkanda wa kiti wa pointi tatu, huu tunaoufunga tukimwona trafiki na kuufungua tukimpita, Volvo ndio walioanza kuuweka kwenye magari ya kuuza mwaka 1959, PV544 likiwa mojawapo. Yaani gari la kizamani lakini mkanda wa kisasa.

Pasaka ya 1965 Joginder alianza wa kwanza, namba moja ubavuni, na kaka wa damu moja, Jaswant, kiti cha pili. Kuanza mbele kuna faida, huli vumbi la mtu. Lakini kuna balaa lake pia: wewe ndiye unayegundua kwamba daraja halipo. Yaliondoka magari zaidi ya 80. Yaliyorudi hayakufika hata 20. Volvo kuukuu la ndugu wawili lilirudi la kwanza, likiwaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Hiyo si goli la dakika za majeruhi, hiyo ni mkono mtungi.

Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache. Huku kwetu mwaka huo huo ndio ligi ya taifa ilianza, Sunderland, Simba ya leo, wakawa mabingwa wa kwanza. Kila mtu alikuwa anajaribu kuonyesha kwamba anaweza kufanya mwenyewe yale aliyozoea kufanyiwa.

Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, Safari ilichukuliwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa nchini, na Peugeot 404. Tukawa tunatambiana na Wakenya kwenye magari kama tulivyotambiana kwenye Gossage.

Joginder hakupotea. Mwaka 1969 alikuwa wa pili na Volvo jingine, 1970 akawa wa pili tena, safari hii na Datsun. Wakati huo viwanda vilikuwa vimeshainusa biashara. Vilileta mafundi kwa ndege, vilileta vipuri kwa makontena, vilileta magari ya michezo. Watu wakasema zama za mafundi wa gereji zimekwisha.

Mwaka 1974, ana miaka 42, akaja na Mitsubishi Lancer, gari la familia lililoongezwa nguvu, msaidizi wake David Doig. Mvua ilikuwa ya kufa mtu. Nyuma yake nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911. Lancer mbele ya Porsche! Ukitaka kuipima, ule ndio mwaka Yanga walimfunga Simba 2-1 pale Nyamagana na kubeba ubingwa. Akarudia 1976, tena na Lancer, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Katikati ya ushindi wake huo wa mara mbili, mwaka 1975, Mseto ya Morogoro ilikuwa imewapokonya wakubwa wa Kariakoo ubingwa wa Tanzania. Ilikuwa miaka mizuri kwa wadogo.

Aliendelea mpaka 1980. Safari 22, amemaliza 19. Mimi nauheshimu mwisho huu wa hesabu kuliko yale makombe matatu. Kwenye mashindano ambayo magari mengi yaliishia mtoni, yeye alishindwa kufika mara tatu tu.

Kwetu sisi mbio zile ziliondoka kimya kimya. Katikati ya miaka ya 70 njia ya Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake, kisha 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Ndiyo maana kijana wa Mikumi hamjui. Hakuna aliyemsimulia.

Angesimuliwa, labda spesa ile angeifikiria mara mbili. Spesa inanyanyua bodi tu, shokapu inabaki ile ile, jointi za shafti zinapinda kuliko zilivyopangiwa, matairi yanakula upande, na gari refu jembamba linakuwa jepesi kulala kwenye kona. Juu ya lami inayokatiza hifadhi, kilomita kama 50, twiga akijitokeza usiku na wewe umekata usukani, hapo ndipo utajua gari lako liliimarishwa au lilirefushwa. Bamba la sampu, shokapu nzima, bushi mpya, matairi yenye meno na mkanda unaofunga. Fundi wa doria angeanza na hivyo, na bei yake haizidi sana ya spesa na rimu za kung'aa.

Joginder alimalizia maisha yake London. Alifariki huko akiwa na miaka 81, Jumapili ya Oktoba 20, 2013. Shabiki wa hapa hahitaji kukumbushwa Jumapili hiyo alikuwa wapi. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0 Uwanja wa Taifa, Simba wakazirudisha zote tatu, na nchi nzima, kuanzia Kariakoo mpaka vibanda vya kuonyeshea mpira vya Kilosa, ikalala ikibishana.