Thomas Day, seremala huru wa Milton

Kiti cha kale cha mahogani kinapouzwa Marekani, mnunuzi huuliza mambo mawili: nani alikitengeneza, na kimepitia mikononi mwa nani. Kwa viti vilivyotoka Milton, mji mdogo wa North Carolina, jina la kwanza kutafutwa ni Thomas Day.

Day alizaliwa mwaka 1801 huko Virginia, katika familia ya watu weusi waliokuwa huru. Baba yake alikuwa seremala, na kazi hiyo wanawe waliirithi kwake. Ndugu yake, John, alihamia Liberia kama mmisionari, na mwaka 1847 akawa miongoni mwa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa nchi hiyo. Thomas alibaki Marekani. Mwaka 1827 alitangaza katika gazeti la Milton kwamba ana samani za mahogani za kuuza.

Mwaka 1830 alimwoa Aquilla Wilson wa Virginia. Lakini sheria ya North Carolina ilikataza mtu mweusi huru kutoka jimbo jingine kuhamia humo. Wazungu wa Milton, kwa kuogopa kumpoteza fundi wao, waliliandikia bunge la jimbo, na Aquilla akaruhusiwa kuingia.

Kufikia mwaka 1850 karakana ya Day ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa jimboni. Chuo Kikuu cha North Carolina kilikuwa kimempa kazi, na David Reid, aliyewahi kuwa gavana, alimwagizia samani 47 katika miaka ya 1855 na 1858. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 ulimfilisi, na mnamo 1861 akafariki.

Kiti kisicho na sahihi hutambuliwa kwa stakabadhi, kwa kumbukumbu za familia iliyokirithi, na kwa namna mbao zilivyochongwa. Kwa njia hizo Day amerudishiwa viti vyake. Lakini sensa ya mwaka 1850 inaonyesha kwamba yeye mwenyewe alimiliki watumwa 14. Daftari la watumwa liliandika umri, jinsia na rangi yao, majina halikuandika. Kwa hiyo tunamjua aliyenunua kiti na tunamjua mwenye karakana. Waliofanya kazi humo bila hiari na bila ujira, stakabadhi haiwataji.